Zambarau Iliyopotea Dirishani

Wateja walimwita Mama Pindo kwa sababu pindo lake lilinyooka kama limepigwa rula. Chumba chake cha ushonaji kilikuwa ghorofa ya tatu, upande wa jua. Jua hilo lilimchoma mgongo mpaka alasiri, naye alilivumilia kwa kuwa ndilo lililompa mwanga. Kwa hiyo mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, alipopewa kazi ya kubadilisha madirisha ya jengo lile, mama alijiona kapata mkwe wa kuringia.

Vioo vipya havikuwa vya kuchungulia nje tu. Ndani yake mlikuwa na utando mwembamba unaonasa jua na kulifanya umeme. Barabara bado ilionekana, ila kwa rangi ya chai isiyo na maziwa.

"Joto litapungua, Mama," mkwe alisema, macho chini kwa adabu. "Na umeme wa mtaani ukikatika, feni na cherehani zako hazitasimama."

Ikawa kweli. Siku mtaa mzima ulipokosa umeme, Chiriku, mwenzake wa chumbani aliyeshona mashuka na mapazia meupe, alifungua mlango makusudi ili majirani wasikie cherehani zikinguruma.

Kisha mteja mmoja akarudi na gauni la harusini mikononi. "Mama Pindo, nguo ya zambarau umeishonea uzi wa damu ya mzee. Au ndiyo fasheni mpya?"

Mama Pindo alilipeleka gauni dirishani. Akalitazama, akalitazama tena. Uzi na kitambaa, kwake, vilikuwa rangi moja.

"Niachie, nitalirekebisha," alisema, akajilazimisha kucheka.

Mama yake mzazi alikuwa amepofuka akiwa na umri kama huo wake. Zilianza kuondoka rangi, zikafuata sura za watu. Na sasa yeye alishonea vifungo vya suruali nyeusi kwa uzi wa buluu iliyokoza, mwenye suruali akamrudishia, naye akajua zamu yake imefika. Hakumwambia mtu. Alimpa Chiriku boksi la nyuzi, "Hebu nichagulie, mgongo unaniuma," na jioni, akipita kwa binti yake, alimkodolea mjukuu wake macho kama anayekariri sura yake, hadi mtoto akauliza, "Bibi, nina uchafu?"

Mwishowe alimwambia Chiriku kwamba ataacha kushona. "Cherehani yangu ichukue wewe. Ila binti yangu asijue kwanza."

Chiriku aliapa hatamwambia mtu. Lakini kumpa Chiriku siri ni kuteka maji kwa chekeche. Mkwe alipokuja kukagua vioo vyake na kumkuta Mama Pindo ametoka kidogo, alimwagiwa habari yote, na machozi juu.

Kijana aliweka vifaa vyake chini. Akaliangalia lile gauni mezani, akakitazama kioo. Wapangaji wa ghorofa za juu walikuwa bado wanasitasita kuvikubali vioo vile, na yeye alitegemea chumba hiki kiwe ushahidi wake. Angeweza kukagua nyaya zake akaenda zake. Mama Pindo aliporudi, alimwambia, "Naomba tutoke ngazini, Mama." Nje, juani, akamnyooshea nyuzi mbili alizozichomoa kwenye gauni. "Hizi ni rangi gani?"

"Wewe nawe! Hii zambarau, na hii damu ya..." Akazisogeza machoni. Akaingia ndani nazo, akatoka, akaingia tena.

"Macho yako ni mazima, Mama. Ni vioo vyangu. Vinaimeza buluu, kwa hiyo zambarau inabaki nyekundu na buluu iliyokoza inakuwa nyeusi."

Mama Pindo alikaa kwenye ngazi akalia, kisha akacheka, kisha hasira ikampanda. "Yaani unanipofusha, na mimi nakuombea dua kila asubuhi!"

"Nisamehe. Nilipima joto, nikapima umeme. Sikukuuliza unafanya nini pale dirishani."

Kijana alitaka kuving'oa vyote siku hiyohiyo. Mama mkwe akakataa katakata. Mgongo wake ulishaonja raha. Wakakubaliana kibadilishwe kimoja tu, kile cha pembeni kinachotazama ukuta wa jirani, ambacho tangu mwanzo hakikupata jua jingi. Pakawekwa kioo cheupe cha kawaida, na meza ya Mama Pindo ikahamia hapo. Wapangaji wa juu mkwe aliwaeleza ukweli wenyewe. Wenye ofisi wakavichukua vioo, mpangaji mmoja mchoraji akasema asante, apite tu.

Binti, aliyesimuliwa yote na mumewe, alikuja siku iliyofuata, kavimba kwa hasira.

"Ungeniambia lini, Mama? Ukishaanza kunipapasa uso ndipo unijue?"

"Nilitaka usipoteze usingizi."

"Nani kakutuma unilindie usingizi? Ningekuja kukaa nawe. Ningekusomea rangi moja moja!"

Mama Pindo aliinuka. Alimvutia kiti, akamtandazia upande mmoja wa gauni la zambarau mapajani, akampa wembe wa kufumulia. Binti huyo hakuwahi kushika hata sindano, na nyuzi alizivuta kama anang'oa magugu.

"Taratibu, mwanangu," mama alisema, akiinamia upande wake. "Kitambaa hakijakukosea. Nimekukosea mimi."