Msumeno Uliofufuliwa

Jumapili niliutupa msumeno wa umeme wa marehemu baba. Jumanne asubuhi kaka yangu akaingia nao karakanani, ameupakata kama mtoto mchanga, macho mekundu kwa hasira.

"Umemtupa baba kwenye pipa la taka!" akafoka.

"Nimetupa msumeno."

Kaka huyu mtaa mzima ulimwita Nyundo, na si kwa useremala, maana hata msumari ulimpindia. Ni kwa ngumi zake. Fundi ni mimi. Baba aliniachia kazi na karakana mimi mwanamke, na jambo hilo lilimkaa Nyundo kooni kama mwiba wa samaki.

Baba aliutunza msumeno ule kuliko alivyotutunza sisi. Kila Jumamosi aliuchomoa kwanza kwenye umeme, akapangusa utomvu kwenye meno kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akatoa vumbi la mbao kwenye matundu ya mota, akajaribu kifuniko cha diski kama kinarudi chenyewe, kisha akauning'iniza mahali pakavu, waya umezungushwa bila kubanwa. Sisi tulioga tukijisikia. Alipofariki nikaendelea vilevile, lakini chuma nacho huzeeka. Kile kitufe kidogo kando ya swichi, kinachoufanya msumeno uendelee kuzunguka hata ukiachia kidole, kilianza kunasa. Nilikifungua mara mbili, nikakisafisha, kikanasa tena. Mwezi mmoja kabla ya Jumanne hiyo nilichomeka plagi tu, swichi sijaigusa, msumeno ukaruka mezani ukaondoka na ncha za vidole vyangu viwili. Nilizikuta kwenye vumbi la mbao. Nilizitambua kwa rangi ya kucha.

Hapo nikaamua kuuua. Baba alituambia kifaa kibovu hakitupwi hivi hivi. Kinauawa, kisije kikafufuka mikononi mwa mtu. Unavunja swichi kwa nyundo, unakata waya pale pale unapoingilia mwilini. Nikainua nyundo, nikaona mpini wa msumeno ulivyolika kwa kiganja cha baba, nikaiweka nyundo chini. Nikatoa diski, nikakata waya kwa koleo, nikaacha shibiri nzima ikining'inia, nikautupa. Nilijua sijamaliza kazi. Nilijua, na bado nikaenda kulala.

"Nimeufufua," Nyundo akasema, akautua kwenye meza yangu.

Ile shibiri alikuwa ameiunga kwa waya mwingine na utepe mweusi. Alikuwa ametia diski mpya. Kifuniko alikuwa amekifunga juu kwa waya wa bati, eti kilimziba asione.

"Kaka, usiuchomeke. Kitufe kimenasa. Si unaona vidole vyangu?"

"Vidole vyako ni uzembe wako. Kazi imekushinda, sasa unasingizia mashine."

"Basi niachie niuvunje mbele yako."

"Uuguse uone!"

Nikaugusa. Kofi lilinipata hata mkono haujafika kwenye mpini. Nikachukua nyundo ya mbao nikampiga nayo begani kwa nguvu zangu zote, akaguna, halafu akacheka. Akanishika nywele. Akaugonga uso wangu kwenye meza mara moja, akaugonga tena, na mara ya pili jino likatoka likaangukia kati ya patasi zangu. Nikaanguka chini, mdomo umejaa damu.

"Baba alikudekeza," akasema huku anahema. "Mtoto mpumbavu. Leo nitakuonyesha kama msumeno umekufa."

Akauinua msumeno kwa mkono mmoja, diski inaning'inia kando ya paja lake, na kwa mkono wa pili akaishika plagi. Soketi ilikuwa hatua mbili. Nitasema ukweli, maana uongo haunifai tena: wakati ule nilitamani ufanye kazi yake. Nilikuwa na pumzi ya kupiga kelele mara moja. Nilichelewa kuipiga. Huenda ni jino, huenda ni ile tamaa.

"Acha!" nikapiga kelele, na plagi ilikuwa imeshaingia.

Msumeno ulinguruma ukamponyoka. Diski iliingia juu kidogo ya goti, ikapanda na paja, ikafika kwenye mfupa, na sauti yake ikabadilika kama inavyobadilika ikikuta fundo kwenye ubao. Damu ilifika hadi kwenye dirisha. Nyundo akaanguka, na msumeno ukaendelea kuzunguka sakafuni, ukimtafuna kiatu, hadi nilipotambaa nikauvuta waya kutoka ukutani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia nilikuwa mimi, guu likawa lake.

Nikavua mkanda wangu nikamfunga juu ya jeraha, nikalikalia paja kwa magoti, nikakandamiza kwa mikono miwili. Damu ilipita katikati ya vidole vyangu vizima na ikapita zaidi pale viwili vilipopunguka.

"Mbwa wewe," akasema. "Mbwa. Umeniroga."

"Endelea," nikamwambia. "Nitukane tu, usilale."

Akanitukana. Alinitukana mimi, akaitukana karakana, akamtukana na baba yule yule ambaye Nyundo alikuwa amekuja kumpigania. Fundi cherehani wa jirani alichungulia mlangoni, akaona, akakimbia kuita gari. Sauti ya Nyundo ikaanza kupungua. Tusi moja likakatikia njiani.

"Kaka, ni mimi," nikasema. "Nilijua waya unaweza kuungwa, nikauacha. Na sasa hivi nimekuona unachomeka, nikakawia. Umesikia? Nimekawia makusudi. Niite muuaji."

Macho yakaanza kumfumba. Nikamzaba kofi, nikamzaba jingine, kofi la nguvu, la aina aliyonifundisha yeye mwenyewe tangu utotoni. Fundi cherehani alirudi akisema gari limefika, akanishika mabega, akaniambia niachie sasa.

"Ngoja," nikasema. "Ngoja kwanza anitukane."