Ubeti wa Askari wa Mfalme

Isiolo nzima hakuna aliyepanga vina safi kumshinda Samatar, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kukuambia. Lakini makofi yalimwendea Muthomi.

Mwalimu Gacheri alitaka shairi moja tu la kusomwa uwanjani Siku ya Jamhuri, kuhusu jinsi makoloni yalivyojitangazia uhuru. Samatar alizipanga nchi kwa mizani kamili: India, Ghana, Tanganyika, Kenya. Ukumbi ukapiga miayo. Kisha Muthomi akasimulia jinsi nyanya ya babake, Kinanu, alivyowapelekea wapiganaji chakula msituni. Vina vyake vilichechemea kama mbuzi mgonjwa, na bado watu walifuta machozi.

"La Samatar ni safi," alisema mwalimu. "La Muthomi lina watu ndani. Rudini kesho nichague."

Wivu ulimkaba Samatar mpaka nyumbani. Kwa nini msitu uwe wa akina Muthomi peke yao? Nyanya yake Dahabo alipokuwa akiswali alasiri, Samatar alifungua sanduku la nyanya, akachukua medali ya marehemu baba wa Dahabo. Alijua tu kwamba mzee huyo alipigana vita. Vita gani, hakuwahi kuuliza.

Kesho yake alisimama medali ikimeta kifuani, akaghani jinsi mzee wao alivyomtimua mkoloni. Alipomaliza, Muthomi akasogea, akainama, akaitazama sura iliyochongwa juu yake.

"Wee Samatar, si huyu ni mfalme wa Uingereza? Umemleta atuombe msamaha?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Muthomi akachaguliwa.

Samatar alimrudishia Dahabo medali bila kuinua macho. "Ayeeyo, nyanya yangu, kumbe babako alikuwa askari wa Mzungu!"

Dahabo akaipangusa kwa ncha ya mtandio. "Alikuwa. Huko vitani Burma alimwona Mzungu akilia, akimwita mamake. Aliporudi akawaambia watu sokoni, hawa ni watu tu kama sisi. Tangu hapo DC, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akipita, baba hasimami. Na wengine wakaanza kubaki wameketi."

Jioni Muthomi akabisha hodi. "Salaam aleikum, ndugu yangu. Mwalimu anasema vina vyangu ni aibu. Ninyooshee."

Samatar aliitazama ile karatasi. Angeweza kuiharibu kwa neno moja tu, Muthomi aumbuke mbele ya kaunti nzima. Vidole vilimwasha.

"Nitanyoosha," akasema hatimaye. "Lakini utaongeza ubeti mmoja. Wangu."

"Hata mbili, bora vina visichechemee!"

Siku ya Jamhuri uwanja ulivumilia hotuba, ukavumilia ngoma, kisha Muthomi akapanda jukwaani. Alipofika kwa yule askari aliyekataa kusimama DC akipita, watu hawakungoja amalize. Walipiga makofi, walipiga vigelegele, wazee wakainua bakora juu. Samatar alisikia kila silabi yake ikitoka katika kinywa cha mwingine. Ilimpendeza, na ilimuunguza.

Dahabo akamshika mkono. "Huyu kijana wa Kimeru amemjuaje baba yangu?"

"Ni mimi nimeandika!" Samatar akalipuka, mpaka safu tatu za mbele zikageuka. "Huo ubeti ni wangu! Mimi!"

"Nyamaza basi," alisema Dahabo, macho yake hayabanduki jukwaani. "Wacha nimsikie baba."