Daftari la Wasomaji wa Mwihoko

Katika Ruiru yote, na Thika ukiongeza juu, hakuna maktaba iliyoingiwa na watu kama ile ya Mwihoko. Sawa, wengi waliingia kutafuta choo. Lakini choo kilikuwa nyuma ya rafu za hesabu na sayansi, na mtu mwenye haja akipita mbele ya vitabu mia tatu, kwenda mbio na kurudi polepole, huwezi kusema hajaviona.

Mwenye maktaba alikuwa Jentrix. Si mwenye kwa hati, hati ni ya serikali, bali mwenye kwa mgongo. Miaka kumi na tisa alifungua mlango ule saa mbili asubuhi, akafagia vumbi, akapangusa viti. Viti vilitolewa zamani na tajiri mmoja wa viwandani Thika, Bwana Dilip, pamoja na kibao cha shaba chenye jina lake, kibao kikubwa kuliko rafu ya hadithi. Baada ya viti, Jentrix alitoka nje kupanga ubao wa matangazo.

Ubao huo ndio uliokuwa gazeti la Mwihoko. Nani amefiwa, na kamati ya mazishi inakutana wapi. Maji ya mfereji yatakuja Jumanne, maana yake Alhamisi. Chumba cha bedsita kiko wazi, mpangaji asiwe na kuku. Mbuzi amepotea, mweusi, anaitika jina Seneta. Na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu ya Jentrix, shughuli za maktaba: Jumatatu darasa la wazee, Jumatano kufuma, Jumamosi hadithi za watoto. Watu walianza kusoma juu, wakafika kwa mbuzi, wakaenda zao.

Darasa la wazee lilikwisha kwa njia ambayo wazee huisha. Kufuma kulibaki na Wanja muuza nyanya peke yake, naye hakuja kufuma, alikuja kumkimbia mkaza mwanawe. Jumamosi ya mwisho Jentrix alisomea watoto watatu. Wawili walikuwa wanangoja mama yao atoke chooni, na wa tatu alilala kabla sungura hajafika mtoni.

Ndipo barua ikaja kutoka ofisi ya Thika. Ilikuwa fupi, na barua fupi za serikali ndizo mbaya. Maktaba ambayo daftari lake la wasomaji halitaonyesha watu arobaini kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu, itafungwa. Vitabu vitahamishwa, nyumba ipewe kazi nyingine. Kazi nyingine ilijulikana hadi kwa mbuzi: stoo ya vitu vinavyonyang'anywa wachuuzi barabarani.

"Basi nyanya zangu zitapata kuingia chuo," Wanja alisema. "Mimi niliishia darasa la nne."

"Usinichekeshe, Wanja. Wakifunga hapa nitaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kuna nani?"

Wanja aliokota nyuzi zake akaanza kuzikunja, maana mume wa Jentrix alizikwa Butere na watoto hawakupatikana, na jibu alilijua.

Sasa, ubaya haukuwa kwamba hakuna msomaji hata mmoja. Siku nzuri walifika kumi na wawili. Ubaya ni kwamba hakuna aliyekubali kuandika jina. Kabla ya uchaguzi uliopita, watu wa Mwihoko walitazama kwenye simu zao wakajikuta wamesajiliwa katika vyama vya siasa wasivyovijua. Wanja alikuwa wa chama chenye alama ya kijiko. Mzee Zacharia Kimanzi, fundi wa viatu aliye ng'ambo ya barabara, alijikuta katibu wa tawi, na tawi lenyewe liko Lamu. Ilisemekana majina yaliokotwa kwenye madaftari ya mageti na ya maduka ya simu, popote mtu alipoandika jina lake kwa roho safi. Tangu siku hiyo ukimwonyesha mtu wa Mwihoko kalamu iliyofungwa kwa kamba, anakumbuka ameacha sufuria jikoni.

"Mzee wangu, andika jina tu," Jentrix alimbembeleza Kimanzi kila asubuhi. "Nambari ya kitambulisho sitaki."

"Mama Jentrix, ni jina tu lilinifanya katibu."

"Hii ni maktaba, si siasa."

"Hata wao hawakusema ni siasa."

Akapita zake kwenda kwenye kiti cha dirishani. Kimanzi alikuwa anasoma ensaiklopidia. Alianza herufi A miaka sita iliyopita, kila siku saa nne hadi saa tano, akiwa amewaachia wateja kibao kwenye kibanda: NIKO KARIBU. Viatu vya watu vilimngoja. Sasa alikuwa amefika M.

Alasiri moja, Kimanzi ameshaondoka na chumba kitupu, Jentrix alitazama ukurasa wa siku ile. Mweupe kama shuka ya hospitali. Akachukua kalamu akaandika: Zacharia Kimanzi, saa nne. Akatia sahihi. Alijiambia huo si uongo, mtu si alikuja? Akaandika Wanja, kwa sababu Wanja pia alikuja. Akaandika wale wa choo. Siku iliyofuata akaandika waliosoma ubao. Wiki iliyofuata, waliopita barabarani wakatazama upande wa maktaba, na baadaye hata waliotazama upande mwingine.

Aliifanya kazi hiyo kwa bidii, kama kila kazi aliyowahi kupewa. Kalamu ya buluu, kalamu nyeusi, penseli kwa wanafunzi. Mkono wa kushoto ulipoandika, maandishi yalitoka kama nyayo za kuku aliyekunywa pombe ya busaa, hayo akawapa wanaume. Miezi mitatu ikatimia. Siku mbovu wasomaji arobaini na watatu, siku njema hamsini na mmoja.

Lakini kitu kilimwuma ambacho hakukitarajia. Jioni kabla ya kufunga alikuwa analisoma lile daftari. Jumatatu darasa la wazee limejaa! Jumatano wanawake kumi na wanane wanafuma! Alijua nani aliketi na nani, nani alichelewa, nani aliazima kitabu cha ufugaji wa nyuki. Halafu anainua macho. Viti vya Bwana Dilip vimepangwa, na juu ya kila kiti hakuna kitu. Siku moja alijikuta anaweka kiti cha ziada, kwa sababu daftari lilisema hamsini na mmoja na viti vilikuwa hamsini. Alipogundua anachofanya, aliketi juu ya kile kiti akalia hadi adhana ya jioni ikasikika kutoka Githurai. Hakuna aliyeingia kumwuliza ana nini. Hata wa choo hakuja.

Ofisa kutoka Thika alifika Alhamisi, saa nne kasoro. Alikuwa mwanamke kijana, Madam Nyawira, mpole, viatu vimekanyaga matope na hakulalamika. Jentrix alimpa kiti na chai ya thamosi.

"Nimeona ripoti zenu," Nyawira alisema akifungua daftari. "Nikasema lazima nije mwenyewe. Kule kwingine wanalia hakuna watu, na nyinyi hamsini? Mnafanya nini?"

"Ni kuomba Mungu, madam."

"Na leo wako wapi?"

"Leo... leo kuna mazishi."

"Wote?"

"Alikuwa mtu wa watu."

Nyawira alitikisa kichwa kwa huruma, akaendelea kufunua kurasa. Kidole kikasimama. "Huyu Zacharia Kimanzi amekuja kila siku. Hajakosa hata moja. Naye ameenda mazishi?"

Moyo wa Jentrix, uliokuwa umeshuka hadi kwenye viatu, ulipanda kidogo. Katika majina yote yale, lile moja lilikuwa la mtu aliyekuja kweli kila siku. Mungu amemchagulia. Akatoka hadi mlangoni akaita ng'ambo ya barabara, na Kimanzi akaja na gundi vidoleni, akavua kofia.

"Mzee, unapenda maktaba?" Nyawira aliuliza.

"Mimi? Madam, niko M."

"M?"

"Ya ensaiklopidia. Wiki jana nilimaliza malaria."

"Pole sana."

"Hapana, kuisoma. Kuugua nilimaliza zamani." Akaketi, akaanza kumweleza juu ya mbu wa kike, juu ya Mongolia ambako watu hukamua farasi, juu ya Mirihi na miezi yake miwili. Nyawira aliisahau chai. Alisema kule Thika, kwenye vitabu elfu ishirini, hajakutana na msomaji kama huyu. Akamgeukia Jentrix.

"Hii haifungwi. Nitaandika leo leo."

Jentrix alichukua thamosi. Akamwongezea chai juu ya ile iliyosahauliwa.

"Mzee, andika hapa kwa mstari wa leo," Nyawira alisema akitoa simu, "nikupige picha ukitia sahihi, wakubwa waone."

Kimanzi alirudisha mkono nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka. "Hapo sasa, hapana."

"Kwa nini?"

"Mimi siandiki jina kwa daftari la mtu. Tangu maneno ya Lamu, sijaandika mahali popote. Uliza mama hapa, amenibembeleza mpaka amechoka."

Nyawira alirudi nyuma ukurasa mmoja, miwili, kumi. Zacharia Kimanzi. Zacharia Kimanzi. Mengine yameegemea kulia, mengine kushoto.

"Na huyu ni nani?"

"Huyo," Jentrix alisema, na alisikia mdomo wake unatangulia kichwa, "huyo ni mwingine. Ni pacha wake. Huja jioni."

Nyawira alimtazama fundi. "Una pacha, mzee?"

Kimanzi ndipo alipoelewa. Alitazama daftari, akatazama uso wa Jentrix, akatazama dirisha na kiti chake. Mtu aliyekataa ukatibu mbele ya chifu, leo alisema, "Ndio. Niko naye."

"Anaitwa Zacharia Kimanzi."

"Ndio."

"Na wewe unaitwa Zacharia Kimanzi."

"Ndio, madam."

"Mama yenu aliwapa jina moja, nyote wawili?"

Kimanzi aliizungusha kofia mikononi, mara moja, mara mbili. "Tulikuwa maskini," akasema. "Tuligawana."

Nyawira hakucheka. Alinyoosha simu juu ya daftari akaanza kulipiga picha, ukurasa kwa ukurasa, kuanzia mwanzo.