Namna Mama Anavyoamka

Wenzake chuoni walimwita Kichongeo, maana penseli yake haikupata kuwa butu hata siku moja. Alikuwa msichana wa maneno machache, lakini kwenye karatasi hakuwa na mpinzani. Basi mwalimu wa uchoraji alipowagawa makundi na kutaka kila kundi litengeneze filamu fupi ya katuni kuhusu sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyotaka kuondoka, kundi zima lilimgeukia yeye.

"Mimi nitachora anavyoamka kitandani," alisema. "Mengine mtagawana."

Kiranja wa kundi, kijana ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akacheka. "Kuamka tu? Si utamaliza kabla ya chai?"

Thubutu! Katuni hula karatasi kama mchwa. Mtu akiinua mkono tu, umeshamaliza rundo zima, kila mchoro ukipishana na mwenzake kidogo sana. Na ili mwendo uwe wa kweli, pale chuoni walikuwa na desturi yao: mmoja anaigiza, wenzake wanachora wanachokiona. Kichongeo alikataa kuigiziwa. Alisema yake yote yamo kichwani.

Aliwadanganya. Yake yalikuwa nyumbani. Mama yake, fundi cherehani aliyewahi kushonea mtaa mzima, alikuwa ameacha kushona tangu mwaka uliopita, na cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Majirani waliambiwa ni mgongo. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunajua sote, lakini ni nani atakayeanza kuwaeleza majirani ugonjwa usio na homa wala kidonda?

Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuoni, Kichongeo alisimama kwenye mlango wa chumba cha mama, ukiwa wazi kidogo, akamtazama. Mama alishusha mguu mmoja. Akaketi. Akaokota kandambili, akaigeuzageuza kama si yake, akairudisha chini. Akajilaza. Akajivuta tena. Binti aliyakariri yote, akaenda kuyamwaga kwenye karatasi. Siku nyingine alijiona mwizi. Siku nyingine alijifariji kwamba angalau kuna mtu anamtazama mama, kuliko kumwacha peke yake na ule ukimya.

Kundi lilipoiona michoro ikitembea kwenye kompyuta, hata Kiranja alinyamaza, na hilo peke yake lilistahili cheti.

"Umemtoa wapi huyu mama?" aliuliza hatimaye.

"Nimembuni."

Siku ya maonyesho kila mwanafunzi alitakiwa kualika ndugu zake. Kichongeo hakumwambia mama. Aliogopa jambo moja: mama akijiona pale ukutani, mbele za watu, aibu itammaliza, na hata ule mguu mmoja hautashuka tena. Lakini mama mdogo, aliyeishi nao, alikutana na Kiranja dukani, na siri ikikutana na watu wawili wa aina hiyo, imekwisha.

"Dada, inuka ukaoge!" mama mdogo alipaza sauti chumba kizima. "Mtoto wetu ana sinema na amejinyamazia kama kaiba kuku!" Akamwogesha, akamvalisha, akamkokota.

Kichongeo alikuwa amesimama pembeni ya ukumbi, taa zikizimwa, alipowaona wawili hao safu ya nyuma, hatua chache tu kutoka alipo. Alitamani kuchomoa waya wa umeme, lakini filamu ilikuwa imeshaanza.

Mwanamke wa kwenye katuni alishusha mguu. Akaketi. Akaokota kandambili, akairudisha chini. Ukumbi ukacheka. Watu wamezoea kwamba katuni ni ya kuchekesha, huwezi kuwalaumu sana, ila Kichongeo aliwachukia wote, mmoja mmoja. Mama mdogo naye alicheka, akampiga dada yake begani. "Mvivu huyo!"

Kisha kandambili ikaokotwa tena. Na tena. Kicheko kikapungua, kikakatika chenyewe. Mama mdogo akamgeukia dada yake, akamwangalia kwa muda mrefu.

Filamu ilipokwisha, Kichongeo alimfuata mama nje, wakaketi kwenye ngazi. Mama mdogo alikwenda kusimama mbali, akijifuta macho kwa khanga.

"Nisamehe, mama."

"Kwa lipi? Umenichora vizuri. Hata kisigino ni changu."

Kichongeo akalia. Mama alimwacha alie.

"Ila nikuulize," mama alisema, sauti ikiwa imekauka kwa kukaa bila kazi. "Yule mwanamke anatazamwa kutoka mlangoni, mwanzo hadi mwisho. Mbona aliyemchora hakuingia?"

Angeweza kusingizia masomo. Angeweza kusingizia kuchelewa basi.

"Niliogopa, mama. Sikujua nikiingia niseme nini."

Mama alitikisa kichwa taratibu. "Nilikuwa nakiona kivuli chako, mwanangu. Kila asubuhi. Nikadhani unasubiri unione nimesimama ndipo uende zako, kwa hiyo nikawa najikaza." Alimshika mkono, mkono wake ukiwa mwepesi na baridi. "Ukishaondoka, nilikuwa nalala tena."