Sili Tatu za Malachy

Nilibadilisha sili, zile pete za mpira za kuzuia mafuta, kwenye ekseli ya nyuma ya trekta ya kaka yangu Malachy mara tatu katika mwaka mmoja, na mara zote tatu ikavuja. Nimekuwa fundi miaka arobaini hapa Cavan. Aibu ile ilininyima usingizi. Mafuta ya gia yalipenya hadi kwenye breki, na kutoka kwa Malachy mpaka kanisani ni mteremko mtupu.

Trekta ni ya kijivu, baba aliinunua mwaka 1951. Alituachia sheria moja: asubuhi trekta kwanza, tia mafuta ya gia kama yamepungua, chai baadaye. Malachy, kifungua mimba, alirithi trekta pamoja na sheria yake.

Sikuwa mzembe. Nilizungushia mkanda meno ya ekseli ili mdomo wa sili usichanike wakati wa kuingiza. Niliinua gurudumu moja kwa jeki, mafuta yakakimbilia upande wa pili, nikafanya kazi bila kuyamwaga. Ni njia ya mkato tunayoitumia sote. Kijiti cha kupimia mafuta sikukigusa. Cha nini, na hakuna tone nililotoa?

Baada ya mara ya tatu Malachy alinivizia nje ya kanisa, watu wamejaa.

"Eugene! Wewe ni fundi au muuza siagi? Sili umeziweka kinyume tena!"

"Kaka, kilichowekwa kinyume ni hicho kichwa chako."

Watu walicheka sana. Yeye hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyesikia siri yake ikitajwa, nami kwa ujinga wangu nikadhani nimeshinda. Nikakata mguu kwake miezi saba.

Kisha Assumpta, jirani yake, akanipigia simu. "Njoo kesho asubuhi. Usiniulize kitu, njoo tu."

Tulisimama kwenye ua wa Assumpta, tukitazama kwa Malachy. Malachy akatoka na ndara, akachukua debe la mafuta, akamimina kwenye trekta, akafuta kifuniko kwa kitambaa, akarudi ndani. Hata birika halijachemka, akatoka tena. Akachukua debe. Akamimina.

"Jana mara nne," Assumpta alisema.

Aliporudi ndani nikaenda nikachomoa kijiti. Mafuta yalikuwa yamefika mdomoni mwa tundu. Hakuna sili duniani itakayozuia mafuta yaliyojazwa namna ile. Zangu zilikuwa nzima, zote tatu, tangu ya kwanza. Kilichovuja siku zote ni kaka yangu, na mimi nilikuwa chini ya trekta nikitafuta kosa kwenye chuma. Nililia pale pale, mikono imejaa grisi.

Malachy akatokea mlangoni. "Ahaa, muuza siagi! Umekuja kuharibu tena?"

"Nimekuja, kaka."

"Mkate upo. Ngoja kwanza nitie mafuta."

"Si umeshatia?"

"Nimetia lini? Baba akiamka akakuta sijatia, utanitetea wewe?"

Baba tulimzika miaka thelathini na moja iliyopita. Malachy mwenyewe alishika jeneza mbele.

"Basi tia, kaka," nikamwambia.

Daktari ameupa ugonjwa jina. Mimi sina haja nalo. Betri nimeing'oa ili asije akawasha trekta akashuka nayo mteremko. Kila jioni nafungua kizibo cha chini, nayatoa mafuta yaliyozidi, nayachuja kwa kitambaa na kuyarudisha kwenye debe lake, ili asubuhi apate ya kutia.

Jumapili nampeleka kanisani kwa gari langu. Bado hunishika bega mlangoni na kunitangaza kwa kila apitaye: "Mnamwona huyu mdogo wangu? Sili tatu ameziweka kinyume!"

Wale waliocheka siku ile sasa hutazama viatu vyao.

"Kweli, kaka," namjibu, kwa sauti ili wote wasikie. "Kosa lilikuwa langu."