Maziwa ya Mwenye Boma

Muulize mtu yeyote wa Isinya: Kisemei na maziwa walikuwa chanda na pete. Ndiyo maana jipu lilipomwota kwenye ini akalazwa Kitengela, mkewe Dinah hakupoteza muda kubishana na wali wa hospitali.

Daktari Munguti alivuta usaha kwa sindano ndefu, akampa dawa za amiba, kisha za majipu ya kawaida. Homa haikusikia. Maabara nayo ikasema hakuna kijidudu kilichoota kwenye usaha ule. Kisemei alikonda mpaka saa ikawa inamteleza mkononi, na Dinah, maskini, akazidisha maziwa. Kila asubuhi alikamua mbuzi, akajaza kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha mti wa oloirien, akakificha ndani ya shuka muuguzi asikione. Hakuyachemsha. Ayachemshe ya nini? Kwao maziwa ya moto ni ya chai na ya wageni. Mwenye boma hunywa mabichi. Na ndicho kitu pekee alichokunywa akilamba midomo.

Siku moja daktari alimwita Dinah kando. Kijidudu kilikuwa kimeota hatimaye, maana hicho huota polepole sana. Kinaitwa brusela, akasema, na ni nadra kukuta kimefanya jipu kwenye ini. Akauliza kama kuna mbuzi waliotupa mimba nyumbani. Walikuwepo, na walikamuliwa kama wengine.

“Basi ugonjwa umetoka kwa hayo maziwa, mama,” akasema. “Yakinywewa mabichi.”

Kibuyu kilikuwa mkononi mwa Dinah. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akauliza kama dawa iko. Iko, daktari akajibu, lakini wamechelewa. Sumu imeingia kwa damu na figo zimesimama. Ampe tu anachotaka.

Anachotaka! Alitaka maziwa, nini kingine? Dinah akaenda kuomba jiko, akayachemsha mpaka yakafura, akangoja yapoe. Ndivyo tulivyo: mtu ameshakwisha, bado unamkinga.

Kisemei akaonja, akayatema kikombeni. Akamrudishia mkewe kikombe.

“Mama Seleyian,” akasema, “kumbe leo mimi ni mgeni?”

Dinah hakuweza kumwambia. Aliona haya mpaka mifupani. Alimpangusa midomo kwa ncha ya shuka. Kisemei akageukia ukuta, na hakumeza kitu kingine mpaka alipokata roho jioni ile.