Soketi ya Achuka

Gerishon, mwenye maduka ya dawa za mifugo Isiolo na Garbatulla, alikuwa ametoa neno lake na kulifunga kama gunia: siku ya soko ikifika na ile apu ya simu isionyeshe dawa iliyobaki Garbatulla, basi duka la Garbatulla litafungwa. Mgongo wake ulikuwa umeikataa barabara ile. Kila akienda kukagua mali alirudi Isiolo amekunjika kama kisu cha mfukoni. Tena soko lililopita dawa ya minyoo iliisha asubuhi, na Isiolo hakuna aliyejua. Wafugaji walirudi kwa mbuzi wao mikono mitupu, na maneno waliyomwachia Gerishon yalifika mjini kabla vumbi la miguu yao halijatulia.

"Heri nifunge kuliko kulaaniwa na watu wa mifugo," alisema.

Apu yenyewe aliiunda binti yake, Wakonyo. Hakuandika msimbo wa programu hata mstari mmoja. Alivuta visanduku kwenye skrini, akavipanga kama mtu anayepanga vyombo kabatini, kisha akakielekeza kisanduku kikubwa kwenye faili ya mauzo iliyokaa ndani ya kompyuta ya Garbatulla. Muuzaji wao wa huko, Achuka, akiandika kwamba ameuza chupa, namba ilishuka kwenye simu ya Wakonyo. Siku za mwanzo ilifanya kazi vizuri sana, ingawa hakukuwa na mnunuzi ila mwanamke mmoja aliyetaka kamba.

Siku ya soko, Wakonyo alimwekea baba yake simu mezani, kando ya chai. Skrini ilizungusha kaduara kake, ikazungusha, kisha ikasema faili haipatikani.

"Mama," alisema Gerishon. Wakonyo amerithi jina la nyanya yake, mama mzazi wa Gerishon, kwa hiyo mzee humwita mama hata anapomgombeza, na hilo huupa ugomvi wake adabu kidogo. "Mama, jicho lako limelala."

"Ni netiwaki, baba."

"Netiwaki haijui siku ya soko. Hii inajua."

Wakonyo alimpigia Achuka kwa simu yake ndogo. Simu ya Achuka ilikuwa imezimwa. Alijaribu tena, huku baba yake akipuliza chai polepole kama hakimu. Ndipo akamkumbuka Isnino, muuza chai wa mlango wa pili kule Garbatulla, ambaye Achuka aliwahi kuazima simu yake.

"Salaam aleikum, mama Isnino. Ni Wakonyo wa duka ya dawa."

"Waleikum salaam. Ongea haraka, maziwa inataka kumwagika."

"Achuka yuko?"

"Aende wapi? Amezungukwa na simu za watu kama kuku na vifaranga. Hata yake amezima, akaweka ya mgeni kwa chaji."

Wakonyo akaelewa. Duka lile lina sola moja na waya mmoja wa soketi. Siku ya soko watu hutoka mbali na simu zilizokufa, na mtu aliyetembea usiku kucha akitaka kujua mvua imenyesha wapi, humwambii soketi imejaa.

"Mpelekee simu, mama. Tafadhali."

Zikasikika ndala za Isnino, mbuzi akilia, mtu akibishana juu ya bei, kisha sauti ya Achuka, nzima na yenye furaha.

"Madam! Habari ya Isiolo?"

"Achuka, umezima kompyuta?"

"Haki sijazima! Ulisema nisizime, mimi sijagusa. Nimechomoa waya tu."

"Achuka!"

"Ni kidogo tu, madam. Na si maneno yote ilishakuja kwa simu yako? Ulinionyesha mwenyewe hapa."

"Haikuja. Iko hapo hapo kwako. Hii yangu ni dirisha. Wewe ukizima taa ndani, mimi nitaona nini?"

"Sasa nichomoe nani? Huyu ametoka Rapsu na miguu. Huyu anangoja shemeji yake ampigie, ngamia imepotea. Nikimtoa, kesho atanunua dawa kwangu?"

Wakonyo alimpa baba yake mgongo, akafunika mdomo kwa kiganja. "Mzee anafunga duka leo. Usiambie mtu."

Hakujua kwamba Isnino alikuwa ameishika simu mbele ya Achuka, na spika imefunguliwa.

"Duka inafungwa!" alipiga kelele Isnino, kwa sauti iliyozoea kuita wateja katikati ya ngamia.

Kukawa na vurugu. Nani anafunga? Kwa nini? Tutanunulia dawa wapi, Isiolo? Mtu akasema ni ushuru, mwingine akasema Achuka ameiba, na Achuka akaapa kwa watoto wake wote. Kisha sauti kavu ya mzee ikapenya.

"Toa yangu."

"Lakini mzee Lodio, haijashika moto hata kidogo."

"Toa! Mbuzi yangu ikiisha na minyoo, nani atanipigia? Watu hupigia mwenye mbuzi."

Duka zima likacheka. Mwenye ngamia akatoa yake akinung'unika, na wa Rapsu akafuata, Achuka akarudisha waya wa kompyuta.

Isiolo, Gerishon alikuwa ameshasimama, anatafuta kofia.

"Baba, ngoja iwake."

"Nimengoja vya kutosha, mama."

Skrini ikajaa. Dawa ya minyoo: saba. Gerishon aliinama kuitazama kwa dharau. Ikawa sita.

"Imeharibika tena. Imepungua."

"Haijaharibika. Ameuza."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Ikawa nne. Mzee akaketi, kofia mkononi. "Mungu wangu, ataishiwa tena!" Akaufungua mlango wa nyuma kwa mguu, bila kuacha simu. "Kuria! Washa gari! Pakia dawa ya minyoo, ya Garbatulla!"

"Katoni ngapi, mzee?" dereva aliuliza kutoka uani.

"Wewe pakia, nitakuambia!"

Kwenye simu yake ndogo Wakonyo bado alimsikia Isnino akiuliza kama anaweza kukata, maziwa yameshamwagika. Akamshukuru, akamwomba radhi, kisha akamgeukia baba yake.

"Basi hilo duka la Garbatulla tunalifunga saa ngapi?"

"Duka gani?" Gerishon aliisogeza simu karibu na pua. "Nyamaza, mama. Ameuza nyingine."